Ukiulizwa Mara Moja Tu

Zuhura mwanangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kusema mimi ni mzima, wasiwasi ni juu yako uliye mbali. Nimeanza hivyo nikafuta. Wewe hauko mbali, umelala chumba cha pili, na kila ukijigeuza nasikia kitanda kinavyolia. Na mimi si mzima.

Watu wakinisikia nakuita mwanangu wanacheka. Wanasema mama gani huyu, juzi tu alikuwa kwenye sare ya shule. Lakini mama mdogo ni mama. Dada yangu, mama yako mzazi, alipokwenda Ureno kwa mumewe, wewe ulikuwa bado unaogopa kwenda chooni peke yako, na mimi nilikuwa na umri kama wako wa sasa. Bibi ndiye aliyetupikia sote, lakini aliyekusindikiza chooni ni mimi, nikisimama nje na kuimba ili ujue nipo. Nilikuwa naogopa kuliko wewe. Hilo sikukwambia.

Sasa Bibi hayupo tena duniani, mimi nimepata nafasi ya chuo bara, na mama yako amekuja kukuchukua. Babu amesema neno limekwisha. Babu akisema limekwisha, nani katika nyumba hii ana mdomo?

Sitakuandikia habari za sweta wala za kushika mkono wa mama yako kwenye viwanja vya ndege. Ameshakwambia yote hayo mpaka unayasema ndotoni. Nataka kukwambia habari za soksi zangu.

Umeniona kila kipupwe nikivaa soksi hapa Bweni, mahali ambapo hata imamu anatembea na kandambili. Umewasikia majirani wakiniita Mzungu wa Mnarani. Hujawahi kuniuliza kwa nini, kwa sababu wewe ni kama mimi, huulizi. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Nilipomaliza kidato cha nne, mama yako na Duarte, mumewe yule aliyesilimu hapahapa Mafia, walinitumia tiketi nikakae nao miezi ya baridi. Unajua wana nyumba ya wageni, ila sidhani kama unaiona akilini. Usifikirie hoteli za watalii kule Utende. Ni nyumba ya mawe tupu, ndani ya kijiji cha milimani kaskazini kabisa mwa Ureno, kijiji kilichojaa wazee na mbwa. Wageni hutoka mjini wakaja kutembea kwa miguu mashambani, wakirudi jioni wanataka kula na kunywa. Duarte anawaonyesha njia, mama yako anapika.

Nilikwenda na Kiswahili changu na Kiingereza cha shule, nikidhani mwenye lugha mbili hapotei. Kule mlimani Kiingereza hakikunisaidia kununua hata kiberiti. Kitu kilichonifariji ni kidogo tu. Siku ya kwanza bibi mmoja alipiga ubao wa meza akasema mesa. Nikakumbuka mwalimu wa Kiswahili alivyotuambia kwamba meza na leso na mvinyo ni maneno ya Wareno waliyoyaacha pwani yetu. Nikatamani kumwambia yule bibi, hata sisi. Sikumwambia.

Chakula chao, Zuhura, nusu yake utakijua kabla ya kukijua. Kwenye duka la kijijini, mbali kabisa na bahari, nilisikia harufu ya jiko letu. Nikaifuata mpaka kwenye pembe, nikakuta samaki wamepasuliwa, wametiwa chumvi, wamekauka, wamepangwa kama mbao. Ng'onda. Ng'onda wakubwa kuliko wewe. Nilisimama nikinusa mpaka mwenye duka akaja kuniuliza kitu, nikakimbia bila kununua. Mama yako aliposikia alicheka mpaka akakaa chini. Akasema, "Umetoka Bweni kuja kunusa ng'onda halafu unamkimbia?"

Kuna supu ya viazi na majani ya kijani yaliyokatwa nyembamba kama nyuzi. Nzuri mno wakati wa baridi. Lakini mama yako alinionya nikoroge kabla ya kunywa, kwani chini ya bakuli ndiko wanakomficha nguruwe, kipande kimoja cha soseji, na kwao hiyo ni heshima kwa mgeni. Kuna mkate wa mahindi mzito kama tofali, ukiuchovya kwenye mafuta ya zeituni unasahau tofali. Na kuna matunda ya miti ya mlimani, yana ganda la kahawia linalong'aa. Wanayachoma kwenye kikaango chenye matobo. Ukiyamenya ndani unakuta ladha ya kokwa za fenesi zilizochemshwa. Nilikula nikakukumbuka wewe unavyozificha kokwa mfukoni.

Juu ya meko ya mama yako zinaning'inia soseji zilizopinda kama kiatu cha farasi. Nilipoziona mara ya kwanza nilidhani dada yangu ameacha dini. Nililala na njaa, nikilia bila sauti, wala sikumwuliza. Nilikula mkate mtupu na maji mpaka yeye mwenyewe akachoka, akanikamata jikoni.

"Umekuja kunitembelea, au umekuja kunifungia swaumu?"

Nikaangalia juu kwenye zile soseji. Akaelewa. Akaishusha moja akaipasua mbele yangu. Ndani mlikuwa na kuku na mkate uliolowekwa na vitunguu saumu. Akanisimulia alivyosimuliwa na wazee wa pale, kwamba zamani waliishi watu wa dini nyingine, wasiokula nguruwe kama sisi, waliokuwa wakiwindwa. Asiyetundika soseji juu ya meko yake alijulikana kuwa si mwenzao. Basi wakatengeneza za kuku wakazitundika, ili mpita njia achungulie aone nyumba hii salama. Siku hizi wengine wanazitia nguruwe humohumo, kwa hiyo ni lazima uulize ya nani na ina nini. Za mama yako kula bila shaka.

Nilikula, na nikawaza sana juu ya wale watu. Kila siku woga wao unaning'inia juu ya moto, na jirani anapita anaona mambo mazuri.

Sasa nakuja kwenye soksi. Nimekunja karatasi mara mbili nikitaka kuacha.

Kijiji cha pili kutoka kwao anakaa mjane mmoja, Bi Amélia, anavaa nyeusi tangu mumewe afe. Mama yako alimpikia kitu nikampelekee, kama sisi tunavyopelekeana bakuli la futari. Duarte alinishusha kwake kwa gari akaenda zake mjini, tukaelewana nirudi na basi la kijiji la alasiri.

Bi Amélia alinikalisha karibu na moto, akanichomea yale matunda, akaleta jagi. Kinywaji rangi ya chai ya rangi. Mimi mvinyo niliujua, mwekundu, una harufu ya kuchacha, niliuona kila siku mezani kwa wageni na nikaukwepa. Hiki hakikunuka hivyo. Nikaonja kwa ncha ya ulimi.

Unajua Babu alivyotulea. Tembo la mnazi analoteremsha alfajiri ni tamu, mtoto anakunywa, Bibi alikuwa anaumulia vitumbua. Jua likipanda linaanza kuwa kali, na likishakuwa kali si letu tena, Babu analimwaga. Hatazami saa. Anaweka tone ulimini, anasema tamu, au anasema limekwenda. Mimi na wewe tumekua na kipimo hicho: tamu ni salama, kali ni haramu. Basi nikapima kwa ulimi wa Babu, nikaona ni tamu kama asali. Nikanywa. Bi Amélia akafurahi, akajaza. Kwetu mwenye nyumba akijaza hukatai, ukikataa umesema chombo chake kichafu. Nikanywa tena, na tena.

Kumbe kule utamu na ukali hukaa kikombe kimoja. Wanachukua maji ya zabibu kabla hayajachacha, wanayatia pombe kali palepale, na utamu wote unabaki. Jina lake jeropiga. Babu hajawahi kukutana na kitu kama hicho, na ulimi wake haukuwa na la kunifundisha. Ningeuliza tu, hata kwa kidole na uso, kina nini hiki? Nilimwona mama yako akiuliza hivyo mara nyingi, hakuna aliyechukia. Niliona haya.

Nikaaga bila kumwonyesha kwamba nangoja basi, nikaenda kituoni. Kituo chenyewe ni kibanda cha mawe kando ya barabara, hakuna nyumba karibu. Nilihisi moto mwilini, kichwa chepesi, nikafungua koti, nikavua skafu na glavu nikaweka pembeni. Nikangoja basi. Sikujua kwamba basi lile ni la wanafunzi, shule zikifungwa haliji, na shule zilikuwa zimefungwa. Duarte mwenyewe alikuwa amesahau. Miguu ilianza kuuma, halafu ikaacha kuuma. Nikaona afadhali.

Likaja gari la mikate. Utalipenda, linazunguka vijiji likipiga honi, wazee wanatoka na mifuko ya nguo. Dereva wake mzee mnene mwenye masharubu meupe, namwita Mzee wa Mikate. Alipunguza mwendo akashusha kioo, akaniuliza, "Tudo bem?" Ndiyo salamu yao, kama kusema kwema?

Nikajibu, "Tudo bem." Kwema.

Halafu nikangoja.

Zuhura, unajua nilichokuwa nangoja? Unakumbuka Bi Siti wa jirani alivyokuja kututangazia msiba. Akapiga hodi, akasema hatujambo, akasema habari nzuri, akasema watoto wazima, akakaa kwenye mkeka, akapokea maji akanywa. Bibi akamwuliza tena, kwema lakini? Ndipo akasema, "Kwema, ila kaka yangu ametutoka alfajiri." Sisi ndivyo tulivyo. Jibu la kwanza ni adabu. Ukweli tunaushika mkononi, tunangoja tuulizwe tena. Na kwetu mtu hawezi kuondoka bila kuuliza tena.

Yule mzee aliinua mkono, akapandisha kioo, akaondoka. Hakuwa mtu mbaya. Aliuliza, akajibiwa. Niliziangalia taa nyekundu zikipotea kwenye kona, na hata hapo sikupiga kelele. Nilikuwa naona aibu kupiga kelele baada ya kusema kwema.

Nilikaa, nikasikia usingizi mtamu. Ulikuwa mtamu kweli.

Mzee alifika kwa Bi Amélia kumpa mkate wake, akamwambia nimemwona msichana mgeni kituoni. Bi Amélia akashika kichwa: leo hakuna basi, na yule mtoto amekunywa. Mzee akageuza gari. Mimi nakumbuka harufu ya mkate tu, na blanketi lenye unga analofunikia mikate, na yeye akinipiga mashavu na kuniita kwa jina nisilolijua.

Alinifikisha kwa mama yako, akasimama mlangoni amevua kofia, akirudia maneno yaleyale. Mama yako alinitia miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, nikalia kwa maumivu yalivyorudi.

"Anasema alikuuliza, Saumu. Alikuuliza ukasema kwema."

"Aliuliza mara moja tu," nikasema.

Mama yako akanitazama hivi, akaanza kucheka, kisha nikaona si kicheko tena. Alilia akiwa ameshika miguu yangu ndani ya maji. Yeye ni mtu wa Bweni, sikuhitaji kumweleza zaidi.

Kidole kidogo cha mguu wa kushoto hakijarudi sawa mpaka leo. Upepo wa kipupwe ukivuma kinakufa ganzi, kinageuka cheupe. Hiyo ndiyo habari ya soksi. Lile la kinywaji nimemwomba Mungu msamaha, na Babu sijamwambia. Ukimwambia sitakasirika.

Niliporudi ulinikimbilia mpaka kwenye minazi ya mwanzo, ukaniuliza, "Mamdogo, Ureno kukoje?" Nikasema kuzuri. Ukasema haya. Hukuuliza tena, na mimi sikusema. Basi jibu lililobaki ndilo hili: kuzuri, ila nilikaribia kufa kwa kusema kwema. Yote mawili ni kweli, na ninaogopa ukishika moja ukaacha la pili.

Ninaogopa vitu vingine vya kijinga pia. Kwamba utasahau kusuka nywele. Kwamba utakuja siku moja uniamkie kwa Kireno. Kwamba darasani watakuuliza kitu, utatabasamu lile tabasamu lako la kuinamisha shingo, na mwalimu atadhani umeelewa. Nalijua tabasamu hilo kwa sababu umelichukua kwangu. Bibi alikuwa akisema huyu mtoto amenyamaza kama wewe, na mimi nilifurahi, nikaona ni sifa.

Lakini hofu kubwa si ya huko. Ni ya hapa.

Wiki hii umekuwa ukisema umeshiba. Juzi niliwakuta kuku nyuma ya jiko wakigombania vitumbua, na nilijua ni vya nani. Jana Babu alikutania kwamba utarudi na masharubu kama Wareno, ukacheka, ukaenda kukaa kwenye kitanda cha Bibi ambacho hakina godoro. Siku mama yako alipofika alikukumbatia akakuuliza, "Mwanangu, umefurahi kwenda na mimi?" Ukasema nimefurahi, huku unatazama kizingiti. Akakubusu, akaenda kufungua mabegi. Nilikuwa nimesimama palepale na sahani mkononi. Mama yako wa zamani angeuliza tena. Amekaa kule mpaka amekuwa mtu wa swali moja.

Na mimi ninayejua, mimi mwenye kidole kilichokufa ganzi, sijakuuliza hata hilo moja. Nimekunja nguo zako, nimekuchana nywele, nimekwambia usisahau mswaki. Naogopa majibu yote mawili. Ukisema unataka kwenda, nitabaki bila mtu. Ukisema hutaki, itanibidi nisimame mbele ya Babu na mbele ya dada yangu nifungue mdomo, mimi ambaye darasani nilikuwa naweka kidole juu halafu nakishusha. Na hata hivyo huenda wasinisikilize.

Barua hii naiweka chini ya mto wako. Isome ukiamka, kabla hatujapanda gari la Kilindoni. Pale kiwanja cha ndege, kabla hujaingia ndani, nitakuuliza, "Zuhura, hujambo?" Utanijibu sijambo, kama tulivyolelewa. Hapo nitakuuliza tena, kwa sauti, Babu akiwepo na mama yako akiwepo. Nikichelewa, nivute kanga. Hilo la pili ndilo la kweli, na chochote utakachosema nitakishika. Ukisema unataka, nitakushikia begi mpaka mlangoni na sitalia mbele yako. Ukisema hutaki, begi hilohilo nitalikalia, nimwambie Babu chuo kitaningoja mwaka mmoja, tutafute njia. Sijui njia gani. Najua nitalikalia.

Na kama utakwenda, mwanangu, nisikilize. Kila kikombe uliza kina nini, hata kiwe kitamu namna gani. Na mtu akishusha kioo akakuuliza hali, usingoje akuulize tena. Mwambie palepale: nasikia baridi, nimepotea, siwezi, nataka nyumbani. Haitakuwa utovu wa adabu. Kule swali la kwanza ndiyo nafasi yenyewe.

Kitanda chako kimenyamaza, nadhani umelala. Au umelala macho wazi ukisikiliza kalamu yangu. Kesho ukishanijibu, niulize na mimi. Niulize mara mbili.

Mama yako mdogo,
Saumu